Kariakoo: Mgeni Aje na Macho, au Aje na Shughuli?

Hoja: Kuwatembeza wageni Kariakoo ili waone sanaa, kazi za mikono na maisha ya watu kunamfaa mwenyeji, au kunamgeuza kuwa maonyesho?

MWONGOZA WAGENI: Naanza na dukuduku langu. Mgeni anashuka Uwanja wa Julius Nyerere, analala usiku mmoja, asubuhi yuko kwenye boti ya Unguja au ndege ya Arusha. Dar es Salaam kwake ni benchi la kusubiria. Akibaki mchana mmoja, anapelekwa Mwenge kununua kinyago, kisha anarudishwa hotelini. Anaondoka akiamini jiji hili halina lolote. Mimi namshusha Mnazi Mmoja, namvusha Mtaa wa Lumumba aone mahali TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, nakata naye Mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya khanga, tunakunywa kahawa chungu kwa kashata barazani, tunamalizia sokoni, chini ya paa alilolibuni Mtanzania mwenzetu Beda Amuli, zege lililokaa kama miavuli iliyopinduliwa ili ikinge maji ya mvua. Njia nzima hakuna anayeigiza. Fundi anashona kwa sababu mwenye nguo anaifuata jioni. Hiyo ndiyo sanaa ninayotaka mgeni aione, sanaa iliyo kazini.

MUUZA KHANGA: Mwanangu, safari yako umeipanga vizuri, ila umesahau kuutaja mlango wangu. Fremu yangu upana wake ni hatua nne. Ukija na watu kumi wakasimama pale, mama aliyetoka Mbagala kutafuta doti 20 za sare ya harusi anapita, anaingia duka la jirani. Wewe unaeleza, wao wanapiga picha, mimi nimekunjua jora zima mkononi. Robo saa imekwisha, mnaniambia asante. Kodi ya fremu hailipwi kwa asante. Hapa Kariakoo tuna mawinga. Winga humdaka mteja barabarani, humleta dukani, mteja akinunua naye hupata chake. Tunagombana nao, lakini kazi yao tunaielewa. Wewe ni winga wa namna gani, unayeniletea watu wasionunua?

MWONGOZA WAGENI: Mama, watu kumi ni kosa, nalikubali. Lakini usiseme hawanunui. Wapo walionunua, na walinunua kwa sababu niliwasomea jina la khanga. Bila maelezo wangeona kitambaa chenye maua. Baada ya maelezo waliona pindo, wakaona mji, wakaona jina, wakajua kwamba mwanamke anaweza kumjibu jirani yake mwaka mzima bila kufungua kinywa. Ni duka gani la hotelini litakalomfundisha mgeni jambo hilo?

MUUZA KHANGA: Hapo ndipo unaponiuma zaidi. Jina la khanga halisomwi kama bei. Mteja wangu akiingia, mimi simwonyeshi rangi kwanza. Namuuliza: unampa nani? Mama mkwe? Mwali? Mfiwa? Dada mliyekosana? Kwa sababu khanga ni neno, na neno lina mwenyewe. Alikuja binti mmoja mgeni na mwongozaji wake, akachagua khanga kwa sababu ya buluu yake. Jina lilikuwa kijembe cha mke mwenza. Akasema anampelekea mama yake mzazi. Nikamwambia mwongozaji amweleze. Akacheka, akasema mama yake hajui Kiswahili, haidhuru. Nikaiuza, nahitaji kula. Lakini siku ile niliuza nguo, sikuuza khanga. Sasa niambie, yule binti aliiona sanaa yetu, au aliona buluu?

MCHORAJI: Mama, mimi nitamtetea binti wa buluu. Mimi ni mchoraji wa Tingatinga, na sanaa yangu isingekuwapo bila watu wa namna yake. Edward Saidi Tingatinga alitoka kusini, Tunduru, akaja mjini kutafuta maisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwenye vipande vya mbao za dari kwa rangi ya kupakia baiskeli. Aliuza wapi? Nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, walikokaa wazungu. Wanunuzi wake wengi hawakuwa na khabari na Kimakua wala Kingindo. Waliona chui mwenye mabaka mazuri, wakatoa pesa. Kwa pesa ile akawafundisha ndugu zake: Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata, Kasper Tedo, January Linda, Adeusi Mandu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa akiwa na miaka 40 tu. Kazi yake haikufa naye. Mwaka 1990 wachoraji wakaandikisha chama chao cha ushirika, na hadi leo kuna nyumba zinazokula kwa brashi ile. Jicho lisilojua kitu ndilo lililotulisha. Tusilitukane.

MZEE WA MTAA: Mwanangu, umesema kweli, lakini hukuimaliza. Tingatinga aliibeba kazi yake mwenyewe, akaipeleka Oyster Bay, akaitandika pale mgeni anapopita. Aliamua nini kionekane na nini kibaki nyumbani kwake Msasani. Jioni alikunja vitu vyake, akarudi kwa mkewe na wanawe, na hakuna aliyemfuata kumwangalia anavyokula. Hilo silo linalofanyika hapa. Huyu kijana hatubebei bidhaa kuzipeleka kwa mgeni. Anambeba mgeni kumleta kwenye sahani zetu. Mimi sipingi kuuza. Kariakoo tangu ijulikane ni kuuza. Ninauliza: ninachouza mimi ni nini, na bei yake nani aliipanga?

MWONGOZA WAGENI: Mzee wangu, shikamoo kwanza, maana nimeanza kubishana nawe bila kukuamkia.

MZEE WA MTAA: Marahaba. Endelea kubishana.

MWONGOZA WAGENI: Ukisema mwenyeji abebe kazi yake ampelekee mgeni kule aliko, tazama matokeo yake. Tangu lini mgeni amejua kitu chetu kingine zaidi ya simba, twiga na Mmasai mwenye mkuki? Anapata kile alichokuja nacho kichwani. Muulize kaka hapa, anachora anachotaka au anachotakiwa?

MCHORAJI: Nachora kinachotoka. Nisidanganye. Na si sisi tu. Wachongaji wa Kimakonde waliovuka Ruvuma kuja huku walikuwa na kazi zao za jandoni na za ukoo. Walipofika Dar es Salaam walikutana na mfanyabiashara wa Kihindi, Mohamed Peera, aliyekuwa akinunua mpingo uliochongwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa alimpelekea umbo la ajabu, shetani. Peera akalipenda, likauzika, akataka mengine. Baada ya miaka michache shetani akawa mtindo mzima, na Roberto Jacobo naye akawa ametoa mtindo wa ujamaa, watu wamepandana mabegani kwenye gogo moja. Leo mgeni anaambiwa hiyo ni mila ya kale ya Wamakonde. Ni kazi kubwa, naiheshimu sana, lakini ilizaliwa kwenye meza ya biashara, hapa hapa mjini. Ndiyo maana naunga mkono mgeni aingie Kariakoo. Akiona kuli anavyosukuma mkokoteni, akimwona mama lishe na sufuria zake, nikimchorea kituo cha daladala atakinunua, kwa sababu amekipita. Asipoingia, nitachora twiga mpaka nife.

MUUZA KHANGA: Basi tuzungumze hilo la mila ya kale, kwa sababu linaniletea taabu kila wiki. Mgeni ananiuliza: hii khanga ni ya kwenu kweli? Namjibu imechapwa India. Uso unamshuka, anairudisha. Anataka kitu kilichofumwa na bibi kizee chini ya mwembe. Mwanangu, wewe ndiye uliyemtia tamaa hiyo kwa maneno yako ya sanaa ya kienyeji.

MWONGOZA WAGENI: Hilo nimejifunza kulisema mapema, kabla hatujafika kwako. Nawaambia: khanga ilizaliwa katika biashara ya bahari, pwani hii, mwishoni mwa karne ya 19, na tangu mwanzo vitambaa vilipita mikono mingi, ya Mswahili, ya Mhindi, ya mwenye kiwanda ng'ambo. Sisi nasi tulichapa zetu. Kiwanda cha Urafiki kilichoanza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa China kilitoa khanga ambazo mama zetu wengi walitubebea mgongoni. Ukali wa khanga hauko kwenye mtambo. Uko kwa aliyetunga jina, kwa aliyelichagua na kwa aliyejifunga akapita nalo mbele ya anayehusika. Ndiyo maana mgeni hawezi kuielewa kwenye kabati la kioo la makumbusho. Lazima aione ikitembea barabarani.

MUUZA KHANGA: Umeeleza vizuri. Lakini umejijibu mwenyewe. Kama khanga iko kwa mwenye kuivaa, basi mgeni hawezi kuiona bila kumtazama mwenye kuivaa. Na mwenye kuivaa hakuulizwa.

MZEE WA MTAA: Nishike hapo hapo. Nyumba yangu ni ile ya Kiswahili, ya vyumba sita: ukumbi katikati, vitatu kulia, vitatu kushoto, nyuma uani kwenye jiko na kisima cha zamani. Zilikuwa mitaa mizima hapa, Sikukuu, Narung'ombe, Mchikichi. Sasa ukizihesabu vidole vinabaki. Siku moja, majira ya adhuhuri, mlango wa mbele uko wazi kama ulivyo kila siku, nikatoka chumbani nikakuta watu watano wamesimama ukumbini wanatazama dari. Mmoja amekwishafika uani, anawapiga picha wajukuu zangu wanaoga kwenye beseni. Nikauliza, kulikoni? Aliyewaleta akasema: wanapenda usanifu wa nyumba, mzee. Mlango wazi wa Mswahili haumaanishi hakuna mlango. Mtu hupiga hodi. Akiitikiwa karibu, huingia. Asipoitikiwa mara ya tatu, hurudi alikotoka. Mtoto wa miaka minne anaijua sheria hiyo.

MWONGOZA WAGENI: Mzee, huyo hakuwa mimi, lakini ni mwenzangu wa kazi, na nakuomba radhi kwa niaba yake. Hodi haina mjadala. Ninachouliza ni hiki: zile nyumba nyingine za vyumba sita zimekwenda wapi? Hazikubomolewa na watalii. Zimebomolewa kwa sababu kiwanja kina bei na nyumba haina. Hakuna aliyekuja kumwambia mwenye nyumba kwamba ukumbi ule una thamani. Pale ufukweni, Boma la Kale lililojengwa wakati wa Sayyid Majid, miaka ya 1866 na 1867, limesimama hadi leo na ndani yake kuna kituo cha urithi wa usanifu wa majengo ya Dar es Salaam. Limesimama kwa sababu kuna watu wanaolipa kuingia na kulitazama. Jicho la mgeni huweza kuwa nguzo ya nyumba.

MZEE WA MTAA: Na huweza kuwa shoka. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Majengo yamepata walinzi, sawa. Lakini ingia kwenye vichochoro uhesabu nyumba zilizogeuzwa hoteli na maduka ya zawadi, kisha uwatafute waliokuwa wakikaa humo. Wengine utawakuta Ng'ambo na mbali zaidi. Kuta zimebaki, sauti zimehama. Hapa kwetu ghorofa zinatusukuma, na mnajua gharama yake. Novemba 2024 jengo liliporomoka Kariakoo hii hii, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa kazini. Kwa hiyo mimi nimebanwa pande zote. Huku ananijia mwenye ghorofa anayesema nyumba yangu haina thamani, huku ananijia mwenye kamera anayesema ina thamani kubwa. Hakuna anayeniuliza kama ningependa tu kuendelea kukaa.

MCHORAJI: Lakini mzee, kama mwenyeji hataki kutazamwa kabisa, basi tumpeleke mgeni Kijiji cha Makumbusho, kule Barabara ya Bagamoyo. Zipo nyumba za makabila tangu miaka ya 1960, ngoma inapigwa, tiketi inakatwa, hakuna anayeingiliwa. Mbona ninyi wenyewe mnasema kule hakuna maisha?

MUUZA KHANGA: Hakuna maisha kwa sababu hakuna mwenye shida kule. Nisikilizeni niwaambie wageni wa Kariakoo ni akina nani, maana mnazungumza kana kwamba mgeni ni mzungu peke yake. Mimi wateja wangu wanatoka Moroni, wanatoka Lubumbashi, Lusaka, Blantyre. Mama wa Kikomoro analala gesti ya Mtaa wa Sikukuu wiki nzima. Anajua mgahawa upi una wali mzuri, fundi yupi hakosei kipimo, kuli yupi haibi. Anaketi dukani kwangu tangu asubuhi, tunabishana bei, adhuhuri tunasali, jioni tunabishana tena. Amenifundisha namna wanavyojifunga nguo zao kwao, nami nimemfundisha kusoma majina yetu. Binti yangu alipoolewa, mama huyo alileta zawadi. Hajawahi kuitwa mtalii, na hakuna aliyemtembeza. Alikuja na shughuli, na shughuli ndiyo iliyomfungulia kila mlango. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wako, mwanangu, anakaa saa mbili. Hafiki kwenye jembe. Utamjuaje mtu ambaye hujashika naye jembe?

MWONGOZA WAGENI: Mama, hoja hiyo ni nzito, na sina jibu la kuifuta. Nina swali. Je, asiye na mtaji wa kununua majora hana haki ya kuijua Kariakoo? Mwanafunzi kutoka Dodoma aliyekuja kwa treni, mstaafu wa Songea aliyekuwa akiisikia redioni maisha yake yote, Mtanzania aliyezaliwa Leicester au Minneapolis anayetafuta nyumba ya babu yake?

MCHORAJI: Mama yangu mzazi alitoka Masasi akiwa na miaka 60, mara ya kwanza kuja Dar. Hakutaka kununua kitu. Alitaka kuona. Nilimzungusha kutwa nzima, akasimama Mtaa wa Kongo kati ya machinga, akatazama tu, mpaka miguu ikavimba. Usiku akaniambia: sasa nimejua mnakoishi. Je, mama yangu alikuwa na kosa? Kutazama nako ni njia ya kupenda.

MZEE WA MTAA: Hakuwa na kosa. Lakini ngoja niwakumbushe kutazama kulivyokuwa hapa. Mtaa huu ulikuwa wa ngoma. Vilikuwapo vyama vya beni, vya lelemama, vilabu vya taarabu. Bibi Titi Mohamed, kabla hajawa kiongozi wa akina mama wa TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, Bomba. Wanawake wale hawakuwa na ofisi, walikuwa na ngoma, na kupitia ngoma waliingia siasa. Watazamaji walikuwapo, tena wengi. Sasa, mtazamaji wa Kiswahili anafanya nini wimbo ukimgusa? Anainuka. Anapita mbele ya watu wote, anamtunza mwimbaji. Shilingi yake inaonekana, uso wake unaonekana, na watu wanajua wimbo ule umemgusa wapi. Kutazama kwetu kulikuwa na kutunza. Aliyetazama naye alitazamwa. Mwenye kamera anatazama akiwa amejificha nyuma ya kioo. Hapo ndipo tofauti ilipo. Rangi yake wala pesa zake hazinihusu.

MCHORAJI: Mzee, hilo la kutunza limeniingia. Hata kwenye uchoraji, mnunuzi ninayemkumbuka ni yule aliyekaa, akauliza jina langu, akataka nisaini mbele yake. Anayetupa noti na kukimbilia basi hata sura yake sina. Picha zote mbili zimeuzwa, lakini moja tu ndiyo iliyotunzwa.

MUUZA KHANGA: Basi tuzungumzie tunzo yenyewe, pesa. Mwanangu, wewe unalipwa kwa dola kwa kila kichwa. Usinitajie kiasi, sikuombi hesabu zako. Nataka tu uniambie muuza kahawa anapata ngapi.

MWONGOZA WAGENI: Anapata bei ya kahawa, na chenji huwa wanamwachia.

MUUZA KHANGA: Bei ya kahawa ni ya kahawa. Hadithi ya kahawa je? Wewe humuuzii mgeni kikombe. Unamuuzia baraza, wazee wanaocheza bao, ubishi wa Simba na Yanga, kelele za mtaa. Vyote hivyo vimetengenezwa na watu. Baraza halikujengwa na serikali, limejengwa na miaka ya watu kukaa pamoja. Unauza hadithi ambayo mtaji wake ni sisi.

MWONGOZA WAGENI: Na mimi je, si mtu wa hapa? Nimezaliwa Gerezani, nimesomea kazi hii, nimekata leseni, natembea juani. Kwa miaka mingi hadithi hii iliuzwa na kampuni ambazo wenyewe hawawezi kulitamka jina Narung'ombe. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na kuongoza watalii imo, pamoja na maduka ya vinyago na zawadi. Chimbuko la amri ile ni malalamiko ya wafanyabiashara wa hapa hapa Kariakoo. Tulishangilia sote, mama, wewe ukiwamo. Leo raia nimepata nafasi, unaniita mnyonyaji?

MUUZA KHANGA: Sikukuita hivyo. Nilishangilia, na nitashangilia tena. Lakini amri ile ilisema nani auze. Haikusema mwenye mali alipwe vipi. Kumwondoa mgeni aliyekuwa akituuza na kumweka mtoto wetu atuuze yeye, hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko kwako, na hakuna amri itakayokufanyia.

MWONGOZA WAGENI: Nifanye nini? Nikimlipa kila tunayempita, biashara imekufa. Nikilipa ofisi ya serikali ya mtaa, utaniuliza tena muuza kahawa alipata ngapi.

MUUZA KHANGA: Anza na yaliyo mkononi mwako. Watu wanne, wasizidi. Usije Jumamosi asubuhi wala siku za mkesha wa Idi, wakati hatuna hata nafasi ya kupumua. Niambie siku moja kabla, nitakuwekea benchi na nitawaeleza mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nawe utafsiri. Saa yangu ina bei, tutaipanga pamoja. Na kila anayeingia aje na mtu kichwani: khanga hii nampa nani? Akishaniambia, nitamtafutia jina. Hapo hatakuwa amekuja kutazama tena. Amekuja na shughuli, hata kama ni ya doti moja.

MCHORAJI: Na asiyetaka kununua?

MUUZA KHANGA: Apite barabarani kama mama yako alivyopita. Barabara ni ya wote. Fremu ni yangu.

MWONGOZA WAGENI: Mama, ukiniwekea masharti hayo kila duka na kila baraza, safari ya saa mbili itakuwa ya siku mbili. Hakuna mgeni atakayeilipia.

MUUZA KHANGA: Labda. Au labda hizo siku mbili ndizo zitakazomfikisha karibu na jembe.

MWONGOZA WAGENI: Wewe unamtaka mgeni ambaye hayupo. Mimi ninaye aliyepo, ana mchana mmoja, na nikimkosesha Kariakoo atakwenda kununua simba wa mpingo na kusema ameiona Tanzania. Nitakubali watu wanne. Nitakubali kupiga hodi na kulipa saa yako. Lakini sitakubali kwamba mtu mwenye mchana mmoja hastahili kuona chochote. Mapenzi mengi yalianza kwa kupita tu.

MCHORAJI: Hapo nipo naye. Mlango mwembamba, sawa. Mlango uliofungwa, hapana.

MZEE WA MTAA: Sikuusema ufungwe. Mimi nitasema langu la mwisho, kisha ninyi vijana mwendelee. Huyu kijana huwaambia wageni wake asili ya jina Kariakoo. Nimemsikia akipita barazani kwangu, na anaeleza sawasawa. Wajerumani walichora mitaa hii kwa rula kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ili Mwafrika akae peke yake, na Mnazi Mmoja ukaja kuachwa wazi utenganishe mji wake na wa wengine. Waingereza walipoingia, wakaweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na ulimi wetu ukafanya Kariakoo. Watu wale walikusanywa kutoka vijijini, wakabebeshwa mizigo ya vita isiyo yao, wakafa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi. Nenda pale mjini kwenye Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi. Sanamu yenyewe ni ya askari, ameshika bunduki. Aliyebeba mzigo hakusimamishwa juu pale.

Jina la mtaa huu limetoka kwa watu waliobebeshwa mizigo ya wengine bila kuulizwa. Sina ugomvi na mgeni, na mzigo wa kumpokea tuna mabega ya kuubeba. Ombi langu kwako kijana, na kwako mgeni unayekuja, uwe wa Berlin au wa Bukoba, ni moja tu: safari hii, kabla ya kututwisha, tuulizeni.